Mizani ya Bwana Pamba

Wamekuja vijana wawili na daftari.
Wanataka tarehe: alizaliwa lini, alifungwa lini,
alishuka lini stesheni ya Moshi.
Sina tarehe. Nina kikombe cha bati
chenye kovu jeusi ukingoni,
na hicho hawakutaka kukipiga picha.

Vajubhai Parikh: jina la kwenye leseni ya duka.
Sisi wa Kahe tulimwita Bwana Pamba
kwa shuka aliyoisokota mwenyewe, nzito, rangi ya uji,
iliyomkwaruza shingo mpaka vipele.
Sabuni, misumari, mafuta ya taa kwa kibaba.
Duka lilikuwa la kaka yake.
Yeye alikuwa hasara.

Usiku, akifunga hesabu, alinisimulia
msitu wa misaji nyuma ya milima ya kwao,
na Wabhili, watu wa upinde, wenye msitu,
hadi siku msitu ulipopata karani.
Tangu hapo kuokota kuni ni wizi,
kuokota ua lililodondoka lenyewe ni wizi.
"Na babu yangu," alisema, "ndiye aliyewakopesha
fedha ya faini. Kwa riba."
Akalamba kidole, akafungua ukurasa.

Alipokwenda kuwafundisha kusoma
hakuanza na Mungu, hakuanza na mama.
Neno la kwanza ubaoni lilikuwa "risiti".
Kwa hilo, na kwa kumwambia Mwingereza funga virago,
alikula mvua nne gerezani,
akatoka na pengo moja na kikohozi
ambacho baridi ya mlima wetu haikukionea huruma.

Hapa alikuta dirisha.
Mwafrika nje, juani, ananyoosha mkono;
Mhindi ndani, kivulini, anapima.
Akachukua benchi, akaliweka ndani.
Benchi tu!
Mtaa mzima wa maduka ukamnunia,
wakasema jela imemla kichwa.

Shamba la mkonge lilipoziba mfereji wetu
mama Ndeonasia alikuja na debe tupu,
akalitua juu ya mizani ya duka.
"Pima."
Akapima. Akaandika.
Ndiyo barua ya kwanza: debe moja, tupu, ratili tatu.
Nilipiga taipu mimi, kwa vidole viwili,
barua kumi na saba kwa Bwana Shauri.
Jibu lilikuja moja: "Imepokelewa."
Ya kumi na nane tuliipeleka kwa miguu,
watu mia mbili, kila mtu na debe lake,
Kahe hadi bomani, tukiyapiga.
Maji yalirudi nusu.
Nusu, nasema; msiandike kwamba tulishinda.

Alitaka pia kututungia shairi.
Mizani ya duka aliijua mpaka chembe,
ya shairi ilimkimbia: mstari huu kumi na sita,
ule kumi na tisa, vina vinagongana kama ndoo.
"Punguza," nikamwambia.
"Nipunguze nini," akauliza, "watu au maji?"

Na kikombe?
Mkewe Shardaben, mama mpole,
alinipa chai humu kila jioni,
kisha akakiweka peke yake, dirishani, upande wa nje.
Miaka saba yule mwenye macho
ya kuona msitu ulioko ng'ambo ya bahari
hakukiona.
Jioni moja akakiona.
Hakusema kitu. Usiku ule hakula.
Kesho yake nikamkuta anakinywea yeye,
na mbele yangu kikombe cha kaure, chenye maua.
Ningesema nini? Chai haikunipita kooni.

Walimchoma kando ya Rau, asubuhi, mlima umejifunika.
Majivu yakashuka na maji.
Huko chini wanawake wa Kahe walikuwa wakichota kama kawaida;
hakuna aliyewaambia wangoje.

Vijana, andikeni: mwaka haujulikani.
Sogezeni viti, maji yanachemka.
Vya maua ni vyenu.
Hiki nakinywea mimi.